FFmpeg: Programu Iliyozikwa Ikiwa Hai

Hebu rudi nyuma hadi 2012. Una kompyuta yenye Ubuntu na unataka kupunguza ukubwa wa video. Unafungua terminali, unaandika amri uliyoizoea: ffmpeg. Linatokea onyo kwa herufi kubwa: programu hii imepitwa na wakati, tumia avconv. Ungefanyaje? Wengi waliamini FFmpeg imekufa. Kumbe ilikuwa hai kabisa!

Ilikuwaje? FFmpeg ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, kisha Michael Niedermayer akashika uongozi. Mwaka 2011 watengenezaji wake walikorofishana kuhusu namna ya kuuendesha mradi. Kundi moja likajitenga na kuanzisha Libav. Sasa, matunzo ya vifurushi hivi kwenye Debian na Ubuntu yalikuwa mikononi mwa upande wa Libav. Kwa hiyo ulipoomba ffmpeg, ulipewa kazi ya Libav chini ya jina la zamani, na lile onyo lilikuwa lao. Ubuntu 14.04 ikaja bila kifurushi cha ffmpeg kabisa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nyasi ni mimi na wewe.

Lakini FFmpeg haikulala. Iliendelea kuchukua marekebisho ya Libav na kuongeza ya kwake, yaani ikawa na vyote viwili. Kikosi cha usalama cha Debian nacho hakikutaka mzigo wa kuziba matundu kwenye programu mbili pacha. Mwaka 2015 Ubuntu 15.04 na Debian zikarudi kwa FFmpeg. Libav ilitoa toleo lake la mwisho 2018.

Tunajifunza nini? Ukiambiwa programu yako imepitwa na wakati, uliza kwanza: nani anasema? Andika ffmpeg -version uone unachotumia kweli. Ukitaka kusasisha, anza na sudo apt update, halafu sudo apt install ffmpeg. Usishtuke namba ikibaki ya zamani: Debian thabiti haikimbilii matoleo mapya, ila huziba matundu ya usalama ndani ya toleo lile lile.

Basi, namba peke yake haikuambii kama programu ni mzima au mgonjwa. Mjue anayekufungia kifurushi.