Kisa cha Kua na Adabu ya Karamu

Katika kisiwa cha Juani, jirani ya Mafia, yamesimama magofu ya Kua: misikiti, makaburi na kuta za majumba ya mawe zilizokumbatiwa na mizizi. Mji huo uliangamizwa na Wasakalava wa Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini wenyeji husimulia msiba wa kale zaidi, uliozuka baina ya Kua na Kisimani.

Mji mmoja ulishua jahazi, ukaualika wa pili karamuni. Katikati ya shangwe, watoto wa wageni walilazwa mchangani badala ya magogo, na chombo kikapitishwa juu yao. Wafiwa walinyamaza miaka mingi. Kisha nao wakaalika arusi. Wageni waliingizwa katika chumba cha chini, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukazibwa kwa mawe.

Hatudai kuwa kila neno la kisa hiki lilitukia. Thamani yake ni kutufunza madeni mawili: la mwenyeji kwa mgeni, na la aliyedhulumiwa kwa asiye na hatia.

Siku hizi karamu kubwa huandaliwa katika intaneti, na kampuni za michezo ya kompyuta ni miongoni mwa wenyeji wake. Mnamo Novemba 2017, wanunuzi wa mchezo wa Star Wars Battlefront II walilalamika kwamba mashujaa mashuhuri hawapatikani ila kwa kucheza saa nyingi mno. Kampuni ya Electronic Arts ilijibu kwamba taabu hiyo ingewapa wachezaji fahari. Watu zaidi ya 600,000 walilikataa jibu hilo hadharani. Siku chache baadaye kampuni ilisimamisha uuzaji wa vikorokoro ndani ya mchezo. Umma ulishinda, na ulistahili kushinda.

Walakini umma nao hukosa. Mnamo Oktoba 2014, Anita Sarkeesian, mhakiki wa michezo hiyo, alifuta mhadhara wake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah baada ya kutishiwa mauaji ya halaiki. Kosa lake lilikuwa kusema jinsi wanawake wanavyochorwa katika michezo. Hapo ghadhabu ilikuwa imekwisha kuzoea kuziba milango.

Msomaji, mwenyeji mwenye kiburi hupoteza wageni wake. Bali mlipiza kisasi asiyechagua hupoteza haki aliyokuwa nayo. Jahazi lilishuliwa siku moja tu. Aibu yake ingali ikisimuliwa.