Dakika Arobaini Changamwe

Meli ya watalii huingia Kilindini asubuhi mapema na kuondoka kabla ya giza. Abiria wake wana mchana mmoja tu, na ndani ya mchana huo kisiwa kizima cha Mombasa lazima kiwaingie kichwani, kwenye kamera na kwenye mkoba. Ndiyo maana ratiba ya ziara ya siku moja haina mambo mengi. Picha chini ya zile pembe za Moi Avenue, zilizowekwa miaka ya 1950 kupokea ugeni wa kifalme kutoka Uingereza. Fort Jesus, ngome waliyoanza kuijenga Wareno 1593 na iliyokuwa jela hadi 1958. Vichochoro vya Mji wa Kale, harufu ya viungo Marikiti. Halafu gari linavuka kwenda bara, Changamwe, "kuwaona Wakamba wakichonga". Dakika arobaini. Rudini garini, tafadhali.

Mimi ni Mkamba, na kwetu ni Nunguni, juu kwenye milima ya Kilungu, mahali pa ukungu, kabichi na matuta. Nairobi nimeulizwa mara nyingi kama najua kuchonga. Wanaouliza hawana ubaya, wamefanya hesabu rahisi tu: Mkamba, kinyago, utamaduni. Lakini Nunguni nimekulia nikiona watu wakisuka. Susu zetu husokota katani wakitembea, wakiwa kanisani, wakiwa kwenye mkutano wa chifu, vidole havilali. Mtu wa kuchonga twiga sikumwona hata mmoja. Nilipoanza kusoma habari za vinyago ndipo nikajua kwamba hata huko kunakochongwa, jambo lenyewe halina umri mkubwa. Halijapita sana miaka mia moja.

Linaanzia vitani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikusanya maelfu kwa maelfu ya Waafrika kubeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika iliyokuwa ya Wajerumani. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na midomo yetu ikakigeuza kuwa Kariakoo. Wengi walikufa kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Kati ya Wakamba waliokwenda na kurudi alikuwamo Mutisya Munge wa Wamunyu, kijiji kilichoko upande wa Machakos kwenye barabara ya kwenda Kitui. Kabla ya vita Wakamba walichonga, ndiyo, lakini vitu vya kutumia: viti vya miguu mitatu, fimbo za wazee, miiko, vibuyu vya kunakshi. Huko Tanganyika Mutisya aliwaona watu wakichonga sanamu za watu na wanyama na kuwauzia Wazungu. Wengine husema walikuwa Wazaramo, wengine husema Wamakonde. Aliporudi nyumbani baada ya vita akaanza na yeye. Akafundisha wa nyumbani kwake, hao wakafundisha majirani, na katika muda wa kizazi kimoja Wamunyu nzima ikawa inalia tezo.

Yaani kile anachoonyeshwa mgeni kama urithi wa mababu kilitoka Tanganyika kichwani mwa mpagazi aliyenusurika, na tangu siku ya kwanza kilikuwa cha kuuza. Sioni aibu yoyote hapo. Watu wangu ni wafanyabiashara wa tangu karne ya 19, walipokuwa wakipeleka pembe za ndovu Pwani kwa misafara yao wenyewe. Kinachonishangaza ni kasi ambayo kitu cha biashara kiligeuka kuwa "asili".

Kasi hiyo ililetwa na meli. Hadi miaka ya 1960 mtu aliyekuja Kenya kutoka Ulaya mara nyingi alikuja kwa bahari. Meli za Union-Castle na za British India, kama ile Kenya na dada yake Uganda, zilipita Suez, zikagusa Aden, zikatua Mombasa. Nyingine ziliendelea Zanzibar, Dar es Salaam, Beira. Zilipokuwa bandarini zikishusha mizigo, abiria walikuwa na siku moja au mbili za kuranda. Hao ndio watalii wa siku moja wa kwanza, hata kama wenyewe hawakujiita hivyo. Mchuuzi Mkamba aliwafuata geti la bandari, akawafuata hotelini, akatandika kitambaa chini, akapanga swala na ndovu. Katika miaka ya 1950 biashara ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwanauchumi mmoja, Walter Elkan, alikuja kuichunguza na kuandika makala yake mwaka 1958.

Mwaka 1963 wachongaji waliokuwa Mombasa wakaanzisha chama cha ushirika, Akamba Handicraft, ambacho makao yake yako Changamwe, njia ya uwanja wa ndege. Hapo ndipo ziara ikapata kituo chake. Vibanda vya makuti na mabati, wanaume wamekaa chini, miguu imenyooshwa, gogo katikati ya magoti, vipande vya mbao vinaruka. Mtalii anapita, anapiga picha, anaingia dukani. Kila kipande kina namba ya mwanachama, kikiuzwa mwenye namba anahesabiwa chake. Mpango mzuri, kusema kweli. Maduka mengi ya watu binafsi humnunulia mchongaji kwa bei ya kutupa na hamjui jina wala namba.

Mama yangu aliolewa Nunguni akitokea upande wa Wamunyu, kwa hiyo nina wajomba waliochonga. Mmoja wao alikaa Mombasa miaka mingi. Yeye ndiye aliyenieleza, bila maringo, jinsi mkoba wa mgeni unavyoamua umbo la sanaa. Mtu anayerudi kwenye meli au ndege ana nafasi ndogo. Kwa hiyo kinyago kiwe cha kuingia kwenye begi. Kisiwe na masikio marefu ya kuvunjika. Kiwe kitu ambacho shangazi yake kule Leeds ataelewa ni cha Afrika bila kuelezwa, kwa hiyo twiga, simba, kifaru. Halafu Mmasai. Mkamba anachonga Mmasai! Amesimama kwa mguu mmoja, mkuki mkononi, na mteja anaondoka akiwa na furaha kwamba amenunua utamaduni wa Kikamba. Vijiko vya saladi vyenye kichwa cha Mmasai kwenye mpini vimesomesha watoto wengi wa Ukambani kuliko zao lolote nililoliona likipandwa Wamunyu.

"Mama angetaka nimchonge yeye, ningemchonga," mjomba alisema. "Lakini nani angemnunua?"

Wamunyu ni nchi kavu. Mvua ikikosa, inakosa kweli, na mwaka wa kukosa mvua pesa ya Changamwe ndiyo iliyokuwa shamba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba wachongaji nchini walikuwa kama 60,000, pamoja na jamaa zao mamia ya maelfu waliotegemea tezo hilo. Ukiwa na tumbo za namna hiyo nyuma yako, mgeni akitaka twiga unampa twiga.

Miti nayo ililipa. Mpingo ndio uliokwenda kwanza, ukaisha karibu na Wamunyu, kisha ukaisha mbali zaidi. Wakahamia muhugu, mti mgumu wenye harufu tamu, ambao ukuaji wake ni wa polepole sana. Muhugu ukakatwa Ngong, ukakatwa Arabuko-Sokoke, msitu ambao ni makao ya ndege adimu. Mpingo ulipokosekana lakini mgeni bado anautaka, kulikuwa na dawa: unachukua mti mweupe, unapiga rangi ya viatu nyeusi, unang'arisha. Kinyago cha "mpingo" kikifika Leeds kikaoshwa kwa maji ya moto, shangazi anabaki na pundamilia wa kijivu.

Katika miaka ya 1990 mashirika ya uhifadhi, kati yao WWF, yalianza kuwashawishi wachongaji wageukie mwarobaini. Wazee walikataa kwanza: mti laini, una mipasuko, si wa heshima. Lakini mwarobaini wa Pwani umejaa kila uani, unakua upesi, na ukikatwa unachipua. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 vinyago vya mwarobaini vilikuwa vimepata cheti cha FSC, kile cha mbao zilizovunwa vizuri. Mti ambao nyanya zetu waliuchemsha kwa malaria sasa unakaa sebuleni Ulaya ukiwa kiboko.

Huko Ugiriki, ambako meli za utalii ni nyingi kama matatu za Machakos, kisiwa cha Kalymnos kilijulikana kwa wapiga mbizi wa sponji. Kikaishi kwa sponji vizazi na vizazi. Kisha miaka ya 1980 ugonjwa ukaua sponji nyingi za Mediterania. Maduka ya visiwa vile hayakufungwa kwa sababu hiyo. Mtalii bado anashuka na kununua sponji ya kumbukumbu, hata kama imetoka bahari nyingine kabisa. Wenzetu wa Kalymnos na mjomba wangu wangeelewana bila mkalimani.

Ubaya wa kuishi kwa mgeni wa siku moja ni kwamba habari moja mbaya inatosha kumfanya asishuke. Agosti 1997 ghasia za Likoni zililenga wabara, watu kama mjomba wangu. Vibanda vya vinyago vikachomwa, watu wakauawa, na wageni wakakimbia. Mjomba alirudi kijijini na begi moja na tezo zake. Alipokaribia kurudi Mombasa, likaja bomu la Nairobi la 1998. Novemba 2002 ikawa Kikambala. Kisha maharamia wa Kisomali: Aprili 2009 waliifyatulia risasi MSC Melody, meli ya utalii yenye abiria karibu elfu moja, karibu na Ushelisheli. Meli kama hizo zikaanza kuikwepa bahari yetu. Kila mara jambo lilitokea mbali na Wamunyu, na kila mara karo ilikosekana Wamunyu.

Barabarani nako kulikuwa na Changamwe ndogo ndogo. Ukishuka kutoka Nunguni unatokea Salama, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Kati ya hapo, Emali na Mtito Andei kulikuwa na maduka ya vinyago ambayo gari la watalii halingeweza kuyapita. Sababu rasmi ilikuwa choo. Sababu yenyewe ilikuwa asilimia ya dereva. Mgeni alishuka kujisaidia, akatoka na kinyago cha uso chenye macho ya kutisha, kitu ambacho kwa mila zetu hakimo na kilichofanana zaidi na vya Afrika Magharibi, pembeni yake mawe ya Kisii na, kwenye msumari ukutani, kiondo. Treni mpya ilipoanza 2017 abiria wengi walipita juu ya vichwa vya maduka hayo. Kutoka kwenye dirisha la treni huwezi kushuka kukojoa Emali.

Kiondo hicho ndicho kinachotupata sisi wa Nunguni. Nilikuwa tayari kujivunia: hiki angalau ni chetu kweli. Kusuka ni kwetu kweli, hilo halina ubishi, na kiondo kilibeba maharagwe na mahindi kabla ya mzungu yeyote kukitundika begani. Ila katani yenyewe, ambayo sasa ndiyo karibu sura ya kiondo, Mjerumani Richard Hindorf aliileta Tanganyika mwaka 1893 kwa ajili ya mashamba makubwa. Zamani nyuzi zilitoka kwenye magome, mbuyu ukiwa mmojawapo, na mbuyu hauoti kwenye baridi yetu ya Kilungu, uko chini huko joto. Kiondo kikishasukwa kwetu, mara nyingi hupelekwa Nairobi kutiwa mishipi ya ngozi. Soko la kazi hiyo linaitwa Kariokor, jina la kile kikosi cha wapagazi. Mutisya Munge angetabasamu.

Miaka ya 1980 kiondo kilivuma Ulaya na Marekani, kila msichana wa chuo alikuwa nacho. Kisha fasheni ikahama, wanawake wakabaki na vyondo vimepangwa hadi darini. Tangu hapo wamejifunza kutoshona ndoto zao kwenye agizo moja. Wanalima kabichi, wanasuka jioni, na kikundi kikipata oda kinagawana.

Oda siku hizi huja kwa simu, picha na vipimo. Mwaka jana nilikuwa nyumbani wakati mama mmoja wa kikundi alipokuja kwa mama yangu kuomba nimsomee ujumbe wa mnunuzi. Alitaka vyondo 40, rangi ya udongo na nyeupe, visiwe na mishipi, mdomo upana wa inchi kumi, chini viwe bapa. Mama yule alinitazama. Kiondo bila mshipi kinabebwaje? Nikafungua picha ya pili iliyoambatana na ujumbe: sebule ya mtu, dirisha kubwa, na ndani ya kiondo kumekaa chungu cha maua.

Walicheka wote wawili hadi susu akatoka ndani kuuliza kuna nini. Kisha yule mama akaniuliza bei, nikamsomea, akatoa uzi wa kupimia kwenye leso na kuhesabu inchi kumi kwa kidole gumba.