Matumbawe, Chokaa na Boriti: Nyumba ya Kiungwana ya Pwani

Mara nyingi imeandikwa kwamba nyumba za mawe za pwani ya Afrika Mashariki ni ufundi ulioletwa na wageni kutoka ng'ambo. Vifaa vyenyewe vinakanusha dai hilo. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine: ya kwanza, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti; wa mawe ulifuata papo hapo, mnamo mwaka 1000 hivi. Jiwe, basi, lilirithi nafasi ya mti taratibu. Ibn Battuta naye, alipofika Kilwa mwaka 1331, alisifu mji wa nyumba za miti, ilhali jumba la mawe la Husuni Kubwa ni la zama hizo hizo.

Waashi walitofautisha mawe. Jiwe gumu la nchi kavu lilijenga kuta nene. Tumbawe hai lilikatwa baharini, likachongwa lingali laini, kisha likaachwa likauke na kugumu; ndilo lililofaa kwa nakshi za milango na vibla. Mawe pia yalichomwa juu ya rundo la magogo, yakawa chokaa. Mikoko ilitoa boriti za dari, na kwa kuwa boriti haikuweza kuvuka zaidi ya mita 3 hivi, chumba cha tajiri nacho kilikuwa chembamba na kirefu. Fahari ilitafutwa kwingine: katika nyumba za Lamu za karne ya 18, ukuta wa ndani ulijaa zidaka za lipu nyeupe, humo zikapangwa sahani za China. (Zidaka ni wingi wa Kiamu, Kiswahili sanifu kingesema vidaka. Vitabu vya wageni navyo vimefuata Kiamu.)

Waungwana waliofika Nyangwe na Kasongo karne ya 19 walikuwa mbali na matumbawe. Walijenga kwa udongo na miti, wala hawakuacha kujiita waungwana.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nyumba zake kadhaa zimenunuliwa na matajiri wa Ulaya. Anayezikarabati kwa saruji huziharibu: chokaa hupitisha unyevu wa ukuta, saruji huufungia ndani, na lipu hubanduka.