Ubaridi wa Nyumba na Hekima ya Wajenzi

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na mashairi tu. Umo pia katika kuta za nyumba zetu, na katika namna wazee walivyojipatia ubaridi wakati wa jua kali na maji ya moto wakati wa haja. Mji wa Zanzibar ni shahidi mwema wa jambo hili.

Waashi wa Mji Mkongwe walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hazikuwa ndefu, vyumba vilikuwa vyembamba. Na kwa kuwa mawe yalikuwa vipande visivyolingana, kuta zilifanywa nene. Unene huo ukawa ngao: joto la mchana lilipenya polepole, na lilipofika ndani, jua limekwisha kuchwa. Katikati ya nyumba uliachwa uwanja usioezekwa. Hewa ya joto ilipanda ikatokea huko, na hewa baridi ya vichochoro vyenye kivuli ikaingia mahali pake. Kazi hiyo haikula hata ukuni mmoja.

Maji ya moto nayo yalikuwa na ufundi wake. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga mabafu ya umma ya Hamamni. Moto uliwashwa mahali pamoja, na joto lake likapitishwa chini ya sakafu. Tanuri moja kwa waogaji wengi: kanuni hiyo ndiyo inayofuatwa katika majumba mengi ya ghorofa ya nchi za baridi.

Hata hivyo tusidanganyike. Majumba makubwa ya mawe yalikuwa ya matajiri, na utajiri wao ulitokana kwa sehemu kubwa na jasho la watumwa. Ng'ambo ya hori, wengi waliishi katika nyumba za udongo na makuti. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliazimia kuwapa wananchi makao ya kisasa. Kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yakajengwa majumba ya Kikwajuni, kisha yale marefu ya Michenzani. Yalikuwa tangazo la usawa. Lakini ukuta mwembamba wa saruji hauna subira ya ukuta mnene wa mawe. Ukipigwa na jua, chumba huomba feni.

Mwaka 1980 umeme wa Bara ulifikishwa Unguja kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mei 2008 umeme huo ulikatika kwa karibu mwezi mmoja, ukakatika tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Feni zikasimama, pampu za maji zikanyamaza. Ukuta mnene, kivuli na dirisha linaloelekea upepo vikaendelea na kazi yao.

Basi anayejenga ghorofa leo na ayaelekeze madirisha kwenye kaskazi na kusi, aweke vivuli vya kukinga jua, na juani juu ya paa aweke mtambo mmoja wa kuchemsha maji ya wapangaji wote. Mwacha asili ni mtumwa. Mwalimu naye awatume wanafunzi wapime joto la vyumba viwili, cha ukuta mnene na cha ukuta mwembamba, saa nane mchana na saa mbili usiku. Watasoma historia kwa kipimajoto.