Kutoka Boston Hadi Mathari: Akili ya Aliye Kwenye Probesheni

Agosti 1841, fundi viatu John Augustus alisimama katika mahakama ya Boston, Marekani, akamdhamini mlevi aliyekuwa akingoja kupelekwa gerezani. Wiki tatu baadaye mtu yule alirudi mbele ya hakimu akiwa timamu, akatozwa faini ya senti moja na gharama za kesi. Kufikia kifo chake mwaka 1859, Augustus alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000. Hakumchukua kila mmoja: alipeleleza kwanza mwenendo wa mtu, umri wake na watu atakaoishi nao. Probesheni, yaani mkosaji kubaki nje chini ya uangalizi badala ya kufungwa, basi, ilizaliwa na swali: huyu ana nini?

Massachusetts iliitungia sheria mwaka 1878, Uingereza mwaka 1907. Mwaka 1909, Chicago, daktari William Healy alianza kuwachunguza akili watoto waliofikishwa mahakamani. Watu wazima walisubiri zaidi. Sheria ya Uingereza ya 1948 iliruhusu mahakama, ikishapata ushahidi wa daktari, kumwekea mtu wa probesheni sharti la kutibiwa akili kwa muda usiozidi miezi 12. Hatua kubwa, lakini ilimfaa yule ambaye ugonjwa wake umekwisha kuonekana. Mwenye sonona anayeripoti kwa wakati na kuitikia kwa upole, nani angemtambua? Utafiti wa Lincolnshire, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2012, unatisha: karibu wanne kati ya kila kumi waliokuwa kwenye probesheni walikuwa wagonjwa wa akili wakati huohuo.

Kenya ilipata sheria ya probesheni mwaka 1943, ilhali hospitali ya akili ya Mathari ilikuwapo tangu 1910. Afisa wa probesheni anapoandika ripoti ya mahakama huwauliza jamaa, majirani na chifu. Kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini jirani huona fujo. Hasikii sauti zinazomsumbua mtu usiku kucha. Na hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kuadhibu jaribio la kujiua kunakiuka katiba, aliyekata tamaa ya maisha aliweza kushtakiwa kama mhalifu.

Njia ya kuuliza ipo. Mwaka 2005 Henry Steadman na wenzake, Marekani, walichapisha dodoso la maswali manane kwa ajili ya mahabusu, ambalo askari asiye daktari hulimaliza kwa dakika chache. Halitaji ugonjwa, linaonyesha tu nani apelekwe kwa mtaalamu. Kwetu litahitaji kupimwa kwanza kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, na majibu yasigeuzwe ushahidi dhidi ya aliyeyatoa, la sivyo hakuna atakayesema kweli.

Mahakimu, mnapotoa amri ya probesheni, agizeni mtu huyo aulizwe hali ya akili yake siku ya kwanza. Nanyi wakuu wa afya, wekeni tiba karibu na ofisi anakoripoti, kwa maana kumgundua mgonjwa na kumwacha bila dawa ni kumtesa.