Kibodi ndogo ya kimitambo isiyo na waya: Inamfaa nani katika maeneo ya chai?

KIBODI ndogo ya kimitambo isiyotumia waya hutangazwa kama kifaa cha wachezaji wa michezo ya tarakilishi. Katika kaunti za Kericho na Bomet, hata hivyo, ipo sababu nzito zaidi ya kuitathmini, nayo ni kazi ya kuandika. Mnamo Mei 2023 maandamano ya kupinga mashine za kuchuma majanichai yalizuka Kericho na baadhi ya mashine hizo zikateketezwa. Tangu hapo swali la kijana asiyepata kibarua mashambani atafanya nini halijaisha. Mojawapo ya majibu yanayotolewa ni ajira za mtandaoni, ambazo serikali imekuwa ikizihimiza kupitia mpango wa Ajira Digital ulioanza mwaka wa 2016. Anayenakili mahojiano ya sauti au kuingiza takwimu kwa malipo hubonyeza vitufe maelfu ya mara kwa siku, na kibodi ya kipakatalishi cha mitumba ndiyo huharibika mapema.

Tofauti kati ya kibodi ya kimitambo na ile ya kawaida imo chini ya kitufe. Kibodi ya kawaida hutegemea utando mmoja wenye vikombe vya mpira, na mwandishi hulazimika kubonyeza hadi chini ndipo herufi itokee. Katika kibodi ya kimitambo kila kitufe kina swichi yake, yaani kijisanduku cha plastiki chenye springi na vijibati vya chuma. Swichi maarufu zaidi ni za aina ya MX, zilizobuniwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani katika miaka ya 1980. Ile nyekundu husafiri milimita 4 lakini husajili herufi ikiwa imeshuka milimita 2 tu, na Cherry husema inaweza kuhimili kubonyezwa mara milioni 100. Kampuni za Uchina kama Gateron na Kailh hutengeneza swichi za muundo huo huo kwa bei nafuu, na ndizo zilizofanya kibodi hizi zishuke bei.

Rangi ya swichi si urembo. Nyekundu hushuka laini bila kizuizi, kahawia humpa mwandishi ishara ndogo kidoleni, nayo buluu hulia kwa sauti kali kila inapobonyezwa. Anayeishi katika nyumba ya chumba kimoja pamoja na ndugu wanaolala, na yeye akifanya kazi za wateja wa Marekani usiku wa manane, asithubutu kununua ya buluu.

Udogo nao una gharama zake. Kibodi kamili ya mpangilio wa Marekani ina vitufe 104, ilhali ndogo kabisa zinazouzwa kwa wingi, mathalan RK61 ya Royal Kludge, zina 61. Zinazokosekana ni zile za mishale, safu ya F1 hadi F12 na tarakimu za upande wa kulia. Mishale hupatikana kwa kushikilia kitufe cha Fn pamoja na kingine, jambo linalochosha anayehariri maandishi marefu. Karani wa kiwanda cha chai anayeingiza kilo za wakulima tangu asubuhi hadi jioni atajuta kuinunua; yeye anahitaji tarakimu za kando. Kwa mwandishi, afadhali aina ya vitufe 68 kama Keychron K6, ambayo imebakisha mishale. Herufi za Kiswahili hazipati taabu katika kibodi yoyote kati ya hizi, kwa kuwa hata kitufe cha ritifaa cha kuandikia "ng'ombe" hubaki mahali pake.

Kuhusu kukosa waya, kibodi hizi huunganishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kipokezi kidogo cha USB kinachotumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Katika kibodi za michezo kipokezi hicho mara nyingi hupokea taarifa mara 1,000 kwa sekunde. Ya pili ni Bluetooth, ambayo huwa na kasi ndogo zaidi. Wauzaji husifu sana ile ya kwanza. Lakini mchezaji aliye Kericho anayeshindana kupitia seva iliyo Ulaya hucheleweshwa na umbali kwa zaidi ya milisekunde 100, hivyo milisekunde chache za kibodi hazitamwokoa. Isitoshe, michezo ya kandanda inayopendwa katika vibanda vya michezo huchezwa kwa padi, na PUBG Mobile huchezwa kwa kugusa skrini.

Faida ya Bluetooth kwa wakazi wa nyanda hizi iko kwingine kabisa. Kibodi yenye Bluetooth huunganishwa na simu. Radi zinapopiga alasiri na umeme kupotea, betri ya kipakatalishi kikuukuu hudumu kwa muda mfupi, ilhali simu yaweza kuendelea hadi usiku. Mwandishi huisimamisha simu mezani na kuendelea na kazi yake hadi aikamilishe. Betri ya K6 ina uwezo wa miliampea-saa 4,000. Taa za mapambo chini ya vitufe ndizo huimaliza, zizimwe.

Unyevu ni adui asiyetajwa kwenye matangazo. Kericho hunyeshewa karibu mwaka mzima, na hewa ya aina hiyo huweza kuchakaza vijibati vya swichi hadi herufi moja itokee mara mbili au isitokee kamwe. Ndiyo maana ni busara kuchagua kibodi ambayo swichi zake huchomolewa kwa koleo ndogo bila kuyeyusha risasi. Swichi moja ikiharibika, hubadilishwa nyumbani kwa dakika moja. Usiku kibodi ifunikwe, na isiwekwe karibu na jiko la kuni.

Wakulima wengi wadogo hufanya manunuzi makubwa baada ya bonasi ya Oktoba, na mwaka wa 2025 bonasi hiyo ilishuka na kuzua malalamiko magharibi mwa Bonde la Ufa. Anayenunua basi asidanganywe na maandishi ya pakiti. Kibodi nyingi za bei ya chini huandikwa kwamba zina "hisia ya kimitambo", ilhali ndani ni mpira mtupu. Mwombe muuzaji akuruhusu kung'oa kitufe kimoja. Ukiona kijisanduku cha swichi kinachojitegemea, chenye mhimili wa umbo la msalaba, hiyo ni ya kimitambo. Ukiona kipande kinachocheza ndani ya tundu la kava lenyewe, na chini yake kuna kikombe cha mpira, mrudishie na uulize bei ya kibodi ya kawaida.