Kisanduku Kilichochelewa Kufika Nyumbani

Kati ya Ruiru na Thika, katika eneobunge la Juja, iko wadi ya Murera. Ukanda huu ulijulikana kwa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Leo umekatwakatwa ploti, nyumba za kupangisha zinaota kila upande na bodaboda hazilali. Mwenye nyumba atakuonyesha tangi lake la maji, geti la chuma na televisheni mpya. Muulize bendeji iko wapi, atakutuma duka la dawa. Hali hiyo ina historia. Kwa zaidi ya miaka 100 kisanduku cha huduma ya kwanza kimepita katika ardhi hii kikiwa cha wawindaji, cha majeshi, cha viwanda na cha matatu. Nyumba ya mwananchi imefikiwa mwisho.

Si kwamba watu wa hapa hawakujua kutibu majeraha kabla ya wageni. Palikuwa na waunga mifupa, na palikuwa na asali na shubiri za kupaka vidonda. Dawa ilikuwa porini na ujuzi ulikuwa kichwani mwa mzee au bibi wa jirani, hivyo hapakuwa na haja ya kuifungia sandukuni.

Kisanduku chenyewe kilizaliwa vitani Ulaya. Tarehe 24 Juni 1859 majeshi yalipigana Solferino, kaskazini mwa Italia, na maelfu ya majeruhi wakaachwa bila msaada. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi aliyepita njia hiyo, aliwaona wanawake wa mji jirani wa Castiglione wakiosha na kufunga vidonda bila kuuliza mtu alipigania upande gani. Kwa msukumo wake, mwaka 1863 ikaundwa Geneva kamati iliyokuja kuwa Msalaba Mwekundu. Mwaka 1877 chama cha St John kikaanza kuwafunza raia wa Uingereza huduma ya kwanza, na mwaka 1888 kampuni ya Johnson & Johnson ikatoa visanduku kwa ajili ya wafanyakazi wa reli Marekani. Msingi wa yote ulikuwa mmoja: mtu asiye daktari anaweza kuokoa maisha kabla daktari hajafika.

Juja ililiona sanduku la dawa mapema, ila lilikuja na matajiri. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifikia kwenye shamba la William Northrup McMillan hapo Juja. Msafara wake ulikuwa na daktari wa kijeshi, Edgar Mearns. Wawindaji wa enzi hizo walitembea na fuwele za zambarau za pamanganeti, wakiziyeyusha majini kuosha majeraha ya simba na hata kuzisugua kwenye chale walizokata palipoumwa na nyoka. Dawa haikuwafaa wote: Januari 1911 George Grey, ndugu wa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alishambuliwa na simba katika nyanda za Athi, akafa Nairobi siku chache baadaye. Mpagazi aliyeumia naye aliweza kutibiwa, lakini kwa hisani ya mwenye safari. Haki hakuwa nayo.

Reli ilifika Thika mwaka 1913, na mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Jeshi la Uingereza lilichukua mamia ya maelfu ya Waafrika kubeba mizigo kuelekea kusini, na masanduku ya dawa yalikuwa miongoni mwa mizigo hiyo. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi. Wengi wao hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na unga wa mahindi uliopikwa vibaya. Waliobeba dawa ndio waliokufa kwa kuikosa.

Baada ya vita huduma ya kwanza ilipata taasisi. St John iliingia Kenya mwaka 1928, na mwaka 1939 likaanzishwa tawi la Msalaba Mwekundu wa Uingereza. Kwenye mashamba makubwa alikuwako dresa, Mwafrika aliyefunzwa kufunga vidonda na kugawa kwinini, na kwa vibarua wengi huyo ndiye aliyekuwa hospitali. Thika ilipogeuka mji wa viwanda, sheria ya viwanda ikawataka waajiri waweke kisanduku kazini; Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imerudia sharti hilo. Desemba 1965, miaka miwili baada ya uhuru, Bunge likalitambua Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Mfanyakazi sasa alikuwa na bendeji kiwandani. Akitoka jioni aliiacha huko huko.

Barabarani mambo yalikwenda mbele na nyuma. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya gari la umma, na hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1984 zilikua bila usimamizi wa maana. Kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilileta mikanda na vidhibiti mwendo. Mwaka 2012 barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, yapata kilomita 50, ikafunguliwa, na mwendo ukaongezeka. Gari la abiria linatakiwa kuwa na kisanduku cha huduma ya kwanza na mtungi wa kuzimia moto. Lakini fungua visanduku hivyo: kimoja kina plasta iliyokauka na pamba yenye vumbi, kingine kina chaja ya simu ya dereva. Vimewekwa kwa ajili ya mkaguzi, wala si kwa abiria.

Pengo hilo lilikuwa limeshaonekana mapema. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, Nairobi, watu 213 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa. Wa kwanza kuokoa walikuwa wapita njia, wakifukua vifusi kwa mikono mitupu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hata hivyo, Oktoba 2015 majeruhi wa ajali ya barabarani alikaa saa 18 ndani ya ambulensi huku akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, akafariki. Haki imeandikwa, na ni lazima tuidai. Lakini dakika za kwanza hazina serikali. Zina jirani tu.

Kwa hiyo kisanduku kifike nyumbani. Weka shashi na bendeji pana, plasta, glavu, mkasi, dawa ya kusafishia vidonda, dawa ya maumivu, pakiti za chumvi na sukari za kuzuia upungufu wa maji mwilini, tochi, na dawa za mgonjwa wa kudumu aliyemo nyumbani. Kwenye gari ongeza pembetatu za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto, blanketi na maji ya kunywa.

Vifaa bila ujuzi ni mapambo. Mtoto akimwagikiwa chai, mwagilia palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20; dawa ya meno, unga na yai viache jikoni. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi bila kufunuafunua. Aliyeumwa na nyoka atulizwe na apelekwe hospitali. Zile chale na pamanganeti za wawindaji zilikwisha kukataliwa na madaktari. Aliyeumia shingo au mgongo asiburutwe na kupakiwa kwenye bodaboda, isipokuwa kama moto unamkaribia.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hii huoza: dawa hupita muda, gundi ya plasta hukauka, mtungi hupungua nguvu. Kagua kila miezi mitatu. Andika mlangoni namba 999, 112 na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kisha nenda ukajifunze, kwa maana Msalaba Mwekundu na St John hufunza watu wa kawaida. Ukiwa na chama chochote hapo Murera, cha akina mama, cha wapangaji au cha bodaboda, weka ajenda hiyo katika mkutano ujao, na fedha za kisanduku zitolewe kabla ya zile za sherehe.